Barafu Haingoji Jumamosi

Siku LaRae alipofunga begi lake hakupiga kelele wala hakuvunja sahani. Alikunja sweta zake moja moja, akavaa koti, akafunga kamba za buti, kisha akasimama mlangoni na kunyoosha kidole kuelekea ziwani. Huko, mbali kidogo na ufuko, juu ya barafu nene iliyobeba magari kama barabara, kilisimama kibanda cha mumewe cha kuvulia samaki: mbao za kijani, paa la bati, bomba la jiko likichungulia juu kama shingo ya mtu anayesubiri mgeni.

"Kitoe kile kabla barafu haijaondoka," alisema. "Wewe mwenyewe. Si kaka yangu, si jirani. Wewe. Ukikitoa, nitarudi. Na sitaki ahadi nyingine, Verlyn. Ahadi zako zimejaa nyumba nzima, mimi sina pa kukanyaga."

Akaenda kwa mama yake, upande wa pili wa mji.

Verlyn Haugstad alibaki dirishani, na mwanzoni alikaribia kucheka. Ni hilo tu? Kibanda? Ilikuwa Januari, baridi inapasua miti, na sheria ya huko kaskazini mwa Minnesota iliwapa wavuvi hadi Jumatatu ya katikati ya Machi kuondoa vibanda vyao juu ya Ziwa Sivert. Kufunga mnyororo, kuwasha pikapu, kuburuta hadi ufukoni: kazi ya asubuhi moja. Mtu angeweza kuifanya akapata na muda wa kunywa kahawa. Kila mwaka ilifanywa hivyo, ila mfanyaji hakuwa yeye. Alikuwa Duane, kaka yake LaRae, ambaye siku za mwisho mwisho alikuja na gari lake, akanung'unika, akavuta, akaondoka. Mwaka huu Duane alikuwa amekatazwa.

Watu wa Ziwa Sivert walimwita Verlyn mvivu, na walikosea. Mvivu hulala akapata usingizi, Verlyn hakuupata. Alikuwa fundi wa mashine za boti, na mikono yake ilijua kazi. Lakini mashine aliyoletewa Mei ili mwenye boti apate kuvua kiangazi, ilirudi kwa mwenyewe Oktoba, ziwa likianza kuganda. Bafu la nyumba yake halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia, na pazia hilo lilitundikwa kwa muda, na ule muda ulikuwa umeota ndevu. LaRae alikuwa ameoga nyuma ya pazia hilo mpaka maua yake yakafifia.

Ugonjwa wake ulikuwa huu. Kazi isiyoguswa, kwake, ilikuwa kama yai. Ni zima, ni safi, bado linaweza kutoa jogoo. Ukilivunja ndipo unapojua kama ni viza. Basi Verlyn alikuwa mlinzi wa mayai. Aliyakusanya, akayafunika, akayatazama, na siku zote aliamini kwamba kesho yatatotoka yote kwa pamoja. Kesho! Mwongo gani duniani amekopeshwa na wengi kama huyo, asimlipe hata mmoja, na bado akija mlangoni anakaribishwa kitini?

Hata hivyo safari hii aliogopa. Nyumba ilikuwa kimya mno, na kimya kile kilimsukuma. Akaamua kubadilika, na akaanza pale ambapo watu wa siku hizi huanza, kwenye simu. Alimpata mwalimu mmoja wa tabia njema, mwenye sauti laini kama mafuta ya nazi, aliyekuwa akizungumza na mamilioni ya watu asiowajua. Anza na kidogo, alisema yule. Tandika kitanda chako. Kunywa maji kabla ya kahawa. Kazi kubwa ikate vipande, ule kipande kimoja kwa siku.

Verlyn alimsikiliza kama muumini. Akaanza kuamka alfajiri, giza bado limelalia theluji. Akatandika kitanda, upande wake na upande wa LaRae. Akanywa maji. Akatembea hadi kwenye sanduku la barua na kurudi, pua ikimwuma kwa baridi. Akaweka saa ya simu imlilie kila baada ya muda, na kati ya mlio na mlio akafanya kazi bila kuinua kichwa. Na ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Mashine zilizokuwa zimejipanga gereji kama wagonjwa zikaanza kupona moja baada ya nyingine. Wenye boti walipigiwa simu wakati maji yenyewe bado ni jiwe, wakadhani wanataniwa. Akapaka rangi ukuta wa jikoni. Akarekebisha ngazi ya nyuma. Mwezi wa Februari, siku moja, alishusha pazia la bafuni na kupachika mlango, mlango wa kweli, wenye kitasa na komeo.

Jioni ile alimpigia LaRae. Alikuwa amejizuia siku nyingi, lakini mlango ulikuwa mkubwa mno kuuweka kifuani. Akamweleza habari zote, maji, kitanda, mashine, rangi, na mwisho, kama mtu anayetoa pete mfukoni, akataja mlango. Upande wa pili alisikia pumzi zake tu.

"Umeuweka?" LaRae aliuliza.

"Unafunga vizuri. Hauna hata mlio."

Alisikia kitanda kikilia upande wa pili, kama mtu ameketi.

"Na kibanda?"

Akamwambia kibanda kinakuja. Akamweleza kwamba ameikata kazi ile vipande, kama alivyofundishwa. Leo alikagua mnyororo, keshokutwa atanoa mtaimbo, kisha atapima unene wa barafu, kisha atafanya hili na lile. LaRae akasema haya, usiku mwema, akakata.

Ukweli ni kwamba vipande vya kazi ile vilizidi kuongezeka. Kila alipokula kimoja, viwili vilizaliwa. Aliutia mnyororo mafuta, akaona ndoana yake imelegea, akaenda kutafuta ndoana. Alinoa mtaimbo mpaka ukawa na makali ya wembe, mtaimbo ambao kazi yake ni kupasua barafu tu. Kila jioni alijisikia mtu aliyesogea mbele, na kila asubuhi kibanda kilikuwa palepale. Tabia zake njema zikawa kama askari walioajiriwa kumlinda asikifikie. Alifanya kila kitu, jamani, kila kitu, ili asifanye kimoja.

Na kimoja kile hakikukaa kumsubiri. Wanaoijua barafu hukiinua kibanda mapema juu ya vipande vya mbao, kwa sababu jua la mchana huyeyusha theluji inayokizunguka, na baridi ya usiku huyagandisha maji yale pale chini. Boriti mbili nene zilizokuwa miguu ya kibanda cha Verlyn zilikuwa zikizama kidogo kidogo, mchana zikinyweshwa, usiku zikishikwa. Majirani waliviinua vyao, na mwisho wa Februari wakaanza kuviburuta. Kila siku ziwa lilipungua watu. Wiki ya kwanza ya Machi vilibaki vibanda vichache. Ya pili ilipoanza, kilibaki kimoja.

Duka la chambo la Arlys lilikuwa ndilo baraza la mji ule. Arlys, mjane mnene mwenye sauti ya mwanaume, aliuza vidagaa hai ndani ya matangi na kahawa ambayo hakuna aliyeisifu wala aliyeiacha. Kila mwaka, mwisho wa baridi, wazimamoto wa kujitolea waliweka gari bovu juu ya barafu, watu wakabahatisha siku litakayozama, na fedha zikanunua mipira ya maji na viatu. Mwaka huu serikali ilikuwa imekataza gari, kwa sababu ya mafuta kuingia ziwani. Mkebe wa dau ulikaa mtupu kwenye kaunta mpaka mtu mmoja, haijulikani nani, alipotazama nje na kusema kwani gari la nini, na kibanda cha Verlyn kipo.

Verlyn aliingia kununua ndoana akakuta mkebe umejaa na wanaume wamekaa na vikombe vyao, wanamtazama kwa upole wa paka.

"Karibu, mwenye nyumba ya chini ya maji," alisema dereva wa trekta la theluji. "Kule chini kodi ni nafuu?"

"Mwacheni mwenzenu," alisema Arlys. "Bado ana siku. Tena mwanangu huyu siku hizi anaamka kabla ya kuku. Shida ni kwamba akishaamka hatujui anakwenda wapi."

Wakacheka. Angeweza kununua ndoana yake akatoka. Lakini kwa watu wale anayekasirika kwa utani amekwisha kukiri, na hata ukoo wake wote utakuwa umekiri pamoja naye. Dawa ya mzaha ni kuuchukua na kuuzidisha. Verlyn alifanya kama baba yake angefanya, na babu yake. Akatoa noti, akaomba kalamu, akaandika siku kwenye karatasi, siku ya mwisho mwisho wa Machi, wiki nzima na zaidi baada ya sheria, akaitumbukiza mkebeni.

"Namfahamu mwenye kibanda," alisema. "Ni mtu wa kutegemewa."

Kahawa iliwatoka watu puani. Dereva wa trekta alimpiga begani. Arlys akamjazia kikombe bure. Kwa muda mfupi Verlyn alijisikia mwenye mji wake, aliyesimama vizuri miongoni mwa wanaume. Alipofika nje, upepo wa ziwani ulipompiga usoni, ndipo alipoelewa alichofanya. Alikuwa ameweka dau dhidi ya mke wake mwenyewe.

Kesho yake Duane alisimamisha pikapu mbele ya gereji bila kuzima injini. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye kuongea kama anayebeba maneno kwa mikono.

"Shemeji, nasikia umeandika siku."

"Ulikuwa utani."

"Utani na nani? Dada yangu hacheki. Amesikia kabla sijamaliza kuvua buti."

Verlyn akaanza kueleza, akaona maelezo hayana miguu. Duane akatazama mikono yake kwenye usukani. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho alfajiri anaweza kuja na mnyororo wake. Wangekitoa kabla watu hawajaamka. LaRae hatajua, na yeye hatasema mpaka kaburini.

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Lakini kiburi nacho kina saa zake, hulala mwaka mzima kikaamka siku usiyokihitaji. Verlyn alisema hapana. Alisema ameambiwa akitoe mwenyewe na atakitoa mwenyewe. Jumamosi.

"Kwa nini si leo?" aliuliza Duane. "Jua limewaka. Mimi niko hapa, nitakutazama tu, sitashika kitu."

"Leo kuna jambo la kumalizia kwenye mnyororo. Nimepanga Jumamosi. Nimeipanga vizuri."

"Barafu haingoji Jumamosi, shemeji."

"Imengoja tangu Desemba."

Duane alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesifu hospitali. Akarudisha gari nyuma, akaondoka.

Jumamosi alikwenda, na lazima tumpe haki yake. Alikwenda mapema, mtaimbo begani, pikapu ikinguruma juu ya barafu iliyoanza kulowa, na theluji chini ya magurudumu haikulia tena kwa ukavu kama Januari, ilinyonya. Alipofika akaona kilichomfika. Boriti zote mbili zilikuwa zimemezwa. Kibanda kilikuwa kimeota ziwani kama jino.

Alipiga mtaimbo. Vipande viliruka, vikamkata shavu. Alivua koti, akavua na sweta, akabaki na fulana huku mvuke ukimtoka mgongoni. Alipiga na kupiga, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke kichwa chake kilinyamaza. Hapakuwa na saa ya simu wala sauti laini. Palikuwa na chuma, barafu, na mtu. Adhuhuri ilipita bila yeye kuijua. Jua lilipoinama, boriti ya kulia ilitoa mlio mmoja mzito na kuachia.

Alikaa chini, akacheka peke yake, machozi yakimlenga. Upande mmoja ulikuwa huru. Uliobaki ulikuwa vilevile, na mwanga ulikuwa umebaki kidogo. Angeweza kuendelea. Alikuwa na taa ya gari. Lakini alikumbuka fundisho moja alilolipenda kuliko yote: acha kazi ukiwa bado una hamu nayo, ili kesho uirudie kwa furaha. Alikuwa na hamu nayo. Akaiacha.

Usiku ule alilala kama mtoto aliyeshiba. Na mvua ikaanza.

Mvua ya Machi juu ya ziwa si kama mvua nyingine. Haina radi wala kelele. Inakaa. Jumapili nzima ilikaa, nyembamba, ya vuguvugu, na barafu ikabadilika rangi, nyeupe ikawa ya majivu, ya majivu ikawa nyeusi nyeusi kama jeraha. Jumatatu, siku ya sheria, askari anayelinda ziwa aliweka kizuizi kwenye njia ya kushukia magari. Ukingoni mwa ufuko maji yalikuwa yamekwisha kufungua mstari mwembamba. Watu kadhaa walisimama pale na vikombe vya kahawa vya duka la Arlys, wakitazama kibanda cha kijani kilichoinama upande wa kulia, upande ule aliouachia huru.

Verlyn alifika na mtaimbo na kamba ndefu ya waya. Hakumwamkia mtu. Alikuwa amefikiri: ataifungua boriti ya kushoto, atafunga waya, atakivuta kutoka nchi kavu kwa winchi ya pikapu. Duane alimkuta anavuka kizuizi.

"Waya huo haufiki hata nusu," alisema Duane. "Na barafu imeoza. Hebu itazame. Imesimama kama mishumaa, ukiikanyaga inaachana."

"Nimesema nitakitoa."

"Basi sema kesho, shemeji." Sauti ya Duane ilivunjika. "Maisha yako yote umesema kesho. Liseme leo pia, mara moja tu, nakuomba."

Verlyn aliruka mstari wa maji akaenda. Na hiki ndicho kinachouma kuliko vyote katika habari hii: mtu yule aliyeahirisha kila jambo lililofaa kufanywa, siku alipofanya jambo papo hapo, bila kulikata vipande, bila kulitia mafuta, lilikuwa jambo la pekee lililofaa kuahirishwa milele.

Alitembea vizuri hadi karibu na kibanda. Wale wa ufukoni walikuwa wameacha kunywa. Aliinua mtaimbo, akapiga boriti ya kushoto mara moja, na ziwa likajibu. Halikupasuka kwa kishindo. Lilifunguka tu, kama mkono uliochoka kushika, na Verlyn akazama hadi kifuani, kisha hadi shingoni, vidole vikikwaruza barafu iliyokuwa ikimvunjikia mkononi kama mkate mkavu. Kibanda kilimfuata polepole. Kiliinama, kikafikiri, kikaingia maji hadi dirishani, halafu hadi bati, na bomba la jiko likawa la mwisho.

Duane alikwenda kwa tumbo. Wazimamoto walimsukumia ngazi, naye akaitanguliza mbele, akijiburuta juu yake, mtu mkubwa vile, barafu ikilia chini yake, kamba imefungwa kiunoni. Alimshika Verlyn kwa ukosi wa shati, wenzake wakavuta kamba, na wote wawili wakaletwa ufukoni kama samaki wawili kwenye mshipi mmoja.

Walimweka ndani ya pikapu ya Duane, joto la injini likipuliza kwa nguvu, wakamvua nguo na kumfunga mablanketi. Meno yake yaligongana hata asiweze kusema. Alipoweza kuona vizuri, LaRae alikuwa ameketi kando yake. Alikuwa ametoka jikoni shuleni anakopikia, aproni bado iko chini ya koti, na alikuwa anamsugua vidole vya mguu, kimoja kimoja, kwa viganja vyenye harufu ya vitunguu.

Verlyn alimtazama, na kitu ndani yake kikawaka. Alikuwa amekuja. Alikuwa ameshika miguu yake.

"Umeona?" alisema, ulimi mzito. "Sikungoja, LaRae. Nilikwenda."

"Nimeona."

"Kimezama, lakini nilikwenda. Mwenyewe."

"Nimeona, Verlyn. Nyamaza, upate joto."

Lakini hakunyamaza. Alisema kwamba maji yakifunguka atakiopoa, anajua namna, kwamba ametengeneza mashine zote, kwamba akija nyumbani ataona jikoni. Alisema mlango wa bafuni. Na aliposema mlango wa bafuni, mikono ya LaRae ikasimama.

"Nimepanga nyumba ya peke yangu mjini," alisema. "Ufunguo ninao tangu Januari."

Joto lilikuwa likipuliza. Duane, aliyekuwa nyuma ya usukani akitiririka maji, aligeuza uso akatazama nje.

"Januari ulisema nikikitoa utarudi," alisema Verlyn.

"Nilisema hivyo kwa sababu lile neno la kuachana halikunitoka mdomoni. Nilitaka kuondoka mwaka juzi. Nikasema acha Krismasi ipite. Ikapita. Nikasema acha mama yako azikwe, si vizuri. Nikasema acha kiangazi. Unadhani ni wewe peke yako, Verlyn? Nimekaa na wewe, nimeambukizwa." Hakuwa amekasirika. Alisema kama anayehesabu sahani za kuosha. "Basi nikakupa kibanda. Nilijua hutakitoa. Niliacha barafu iseme kitu ambacho mimi niliogopa kukisema."

"Na kama ningekitoa?"

Nje, wazimamoto walikuwa wanakunja kamba.

"Siku ile uliponiambia umeweka mlango," alisema, "nilikaa kitandani kwa mama nikalia. Mama akadhani ni furaha. Ilikuwa hofu. Nilisema, Mungu wangu, huyu atakitoa kweli, na mimi nitalazimika kurudi. Watu walikulaumu kwa kuandika siku dukani. Sikukulaumu. Nilikuwa nimeandika yangu moyoni, na kila asubuhi nilitazama ziwa kama limeshakuwa jeusi, nikaliombea livunjike."

Verlyn akaona machozi yake, akaona pia kwamba hayakuwa ya kumwita mtu arudi. Yalikuwa ya mtu aliyeshusha mzigo njiani na bado anasikia uzito wake begani. Akatafuta neno. Maisha yote alikuwa na neno moja tayari mdomoni, laini, la bure, linalofungua kila mlango na kufunga kila kelele. Safari hii alilitafuta kwenye ulimi ulioganda, na halikuwepo.

LaRae alimfunika miguu, akakunjia ncha za blanketi chini ya visigino ili upepo usiingie. Akamshika Duane bega, akamwambia avue na yeye hiyo nguo mbichi, atakufa. Kisha akafungua mlango na kushuka. Verlyn alimtazama akipita katika tope la theluji, aproni ikining'inia chini ya koti, akiwapungia wale waliompa pole, akiingia garini mwake. Hakugeuka kutazama ziwa. Hakuwa tena na haja nalo.

Duane alikaa, mikono kwenye usukani, maji yakimdondoka kidevuni. Barafu ilikuwa ikivunjika mbali kule, kwa sauti ya watu wengi wanaonong'ona. Mwishowe akatia gia.

"Nikupeleke wapi, shemeji?" alisema.

Neno lile la mwisho lilimtoka kwa mazoea, na wote wawili wakalisikia. Duane akatazama mbele. Gari likaondoka polepole, bila mtu kusema linakwenda wapi.